Upande wa Mto Anakolala Mume Wangu

…na hapo ndipo simu ilipokatika, Dada Marietta, nikiwa ndiyo kwanza nimefungua mdomo kukujibu. Sijui kama ni wewe uliyekata au ni bonde lenu hilo linalomeza sauti za watu, na wala siulizi. Nilibaki nimeishika simu sikioni mbele ya sufuria ya viazi, mpaka mume wangu Emmett akaniuliza nazungumza na nani. Nikamwambia nazungumza na dada yangu, ila yeye ameshamaliza. Basi nimeona heri niandike. Tangu utotoni ulimi wako una mbio kuliko wangu, na karatasi haimkatizi mtu.

Nakusalimu kwanza, maana hata ugomvi wa ndugu una adabu zake. Hujambo, dada yangu? Mgongo unaendeleaje? Najua unauma, hata ukisema hauumi, kwa kuwa kumwinua mwanamume mwenye mifupa kama ya Mjomba Alois kila asubuhi si kazi ya mtu mmoja. Maharage yamekubali mwaka huu? Na yule paka wa ghalani, amezaa tena kwenye kofia ya zamani ya Mjomba? Mpe Mjomba salamu zangu nyingi, lakini usimsomee barua hii mpaka uimalize mwenyewe. Sehemu ya mwisho ndiyo yake.

Mimi sijambo. Ni zaidi ya sijambo, dada, hata naona haya kukuandikia jinsi nilivyo. Nimeolewa tangu Mei na bado kila asubuhi nikifumbua macho nashangaa kumkuta mtu huyu kando yangu, nywele zimemsimama kama nyasi zilizolaliwa na ndama. Hunywa kahawa amesimama dirishani, hasemi neno, halafu hugeuka na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa kufika katika ndoto yake. Akiondoka kwenda kazini huniachia kipande cha mkate alichokiuma upande mmoja, ati nisile peke yangu. Kule kwenye bustani ya miche ninakouza, wenzangu wananicheka kwamba nawapa wateja nyanya walipoomba maua. Waache wacheke. Leo asubuhi nimekaa dirishani nikaliona jua likichomoza kutoka mtoni, jekundu, limelowa, na maji yote yamekuwa rangi ya ngozi ya pichi. Nilikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Ukisoma hapo utainua kichwa, najua. Subiri kidogo.

Ulisema kwenye simu kwamba shemeji yako amegeuka bwana mkubwa. Ulisema alipokuwa mchumba alikuja kwenu na mvua na theluji, akapiga magoti sakafuni mbele ya Mjomba kumshika kisigino, na kwamba sasa amekwisha kunipata, nyonga ya mzee haimhusu tena. Ulisema Mjomba mwenyewe haachi kusimulia ile Jumapili ya Juni tulipokuja kula kwenu, jinsi alivyohangaika kuinuka kitini huku mkwe wake mtaalamu wa viungo akitazama ndege dirishani. "Ndege gani huyo aliyenizidi mimi?" ndivyo unavyosema anavyouliza kila mtu, hata mtu wa kuleta gesi. Na ukanikumbusha jambo ambalo silisahau hata nikiwa na furaha vipi: kwamba mwanzoni mwa Oktoba daktari atakuja kuamua, na kama Mjomba bado hawezi kuinuka na kufika chooni bila wewe kumbeba, atapelekwa mjini kwenye nyumba ya wazee, na shamba litafungwa kabla ya baridi. Ulisema hivyo na sauti yako ikakatika kabla ya simu kukatika. Sikukasirika, dada. Mimi mwenyewe niliyasema yote hayo kabla yako, tena mbele ya uso wake.

Nianze na ile Jumapili. Wewe ulikuwa jikoni unatoa nyama kwenye oveni, hukuona nilichokiona. Mjomba alikaa kwenye kiti chake kile cha mbao, akaweka mikono mezani, akajivuta kama anayeng'oa kisiki, kichwa kimerudi nyuma, uso umemwiva. Mara ya kwanza akarudi chini. Mara ya pili meza ikasogea na chumvi ikamwagika. Emmett akageuza uso dirishani kwenye kile kibanda cha kulishia ndege, akasema jinsi yule ndege mwekundu alivyonenepa. Mjomba akamwambia, kwa sauti ile yake ya kuita ng'ombe, kwamba ndege huyo hajaombwa kusimama na mtu yeyote. Lakini mimi nilikuwa kando ya mume wangu, na chini ya meza niliona mikono yake. Alikuwa ameishika kofia yake kwa vidole vyote kumi, anaikunja kama nguo iliyofuliwa. Mikono ile ilikuwa inataka kwenda, dada. Alikuwa ameishika isiende.

Njiani nilimpasha. Nilimwambia mzee huyo amekuwa baba yangu tangu baba alipofariki, alinifundisha kuendesha trekta na kucheza polka, naye anamwacha apambane na meza, amekaa kama gogo! Akanijibu polepole kwamba kwa wakati huu hana ruhusa ya kufanya kazi yake katika jimbo la Wisconsin, kwamba makaratasi yanashughulikiwa, na kwamba kumwambia mgonjwa wake aweke mguu wapi ndiyo kazi yenyewe. Nikamuuliza nani angesikia katika jimbo hilo la jibini, jibini lenyewe? Akasema, "Mimi ningesikia." Mashamba ya mahindi yakapita, mabichi kabisa, na sikumshika mkono mpaka tulipofika nyumbani.

Makaratasi! Nilifikiri kama Mjomba, kwamba makaratasi ni neno wanalolisema watu wa ofisini wakichoka na mtu. Na yule binti aliyeletwa kutoka mbali kushika nafasi ya Emmett, wewe wajua yaliyompata. Mjomba alijifanya kiziwi siku ya kwanza, siku ya pili akajifanya amelala, na siku ya tatu akamwambia arudi ng'ombe wakirudi, wakati ng'ombe wote waliuzwa mwaka juzi. Sikumlaumu binti kwa kutorudi.

Sasa sikia jambo dogo lililonifungua macho. Kulikuwa na joto, Jumapili nyingine, na Emmett alikuwa amelala mchana kwenye bembea ya barazani, katika nyumba aliyoniachia Bibi. Mimi nachambua njegere. Matishari yanapita chini mtoni taratibu, yanasukumana kama wazee wanaotoka kanisani, na upepo unaleta harufu ya matope na maua ya porini. Mara nikamsikia mume wangu anasema usingizini, wazi kabisa, kwa upole kama anayembembeleza mtoto: "Pua mbele ya vidole, Mjomba. Pua kwanza." Wewe umeyasikia maneno hayo mara nyingi kuliko mimi. Ndiyo wimbo wake kwa kila mtu anayejifunza upya kuinuka kitini: inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo makalio yatainuka yenyewe. Njegere zikanimwagika. Mtu aliyemchoka mgonjwa wake hamfundishi ndotoni, dada.

Nikaanza kutembea na swali hilo moyoni. Ijumaa iliyofuata tukaenda kula samaki wa kukaanga ukumbi wa parokia, Dubuque, ng'ambo ya mto upande wa Iowa, na nikakaa karibu na Bernadine, yule mama mnene mwenye kicheko anayepanga zamu katika ofisi ya Emmett. Emmett alikuwa amekwenda kupanga foleni ya saladi ya kabichi. Nikamuuliza Bernadine, kama mzaha, hayo makaratasi ya mume wangu yamekwama kwenye droo ya nani. Akaniangalia, uma uko hewani. Akasema, "Wee bibi harusi, kweli hujui? Yamekwama kwako!"

Akanieleza, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Watu wa tiba ya viungo wana mapatano kati ya majimbo. Ni kama majirani waliokubaliana kuacha wazi vijilango vya uani: mtoto wa nyumba moja iliyomo kwenye mapatano anaruhusiwa kuingia nyumba ya pili na ya tatu kufanya kazi, kwa ada kidogo, bila kuanza upya mlango wa mbele. Iowa imo. Wisconsin imo. Emmett alikuwa mtu wa Iowa, leseni yake ya Iowa, kitanda chake Iowa, basi akapita kijilango mpaka kwa Mjomba. Illinois yetu, dada, bado iko nje ya mapatano. Na sharti la yote ni kwamba nyumbani kwako pawe ni katika jimbo lililomo, nyumbani kweli, pale unapolala, na leseni yako ya kuendesha gari ndiyo ushahidi. Siku Emmett alipohamia kwangu, kazi yake ya Iowa ilibaki kwa kuwa leseni ya kule ni yake, ila kijilango cha Wisconsin kilijifunga nyuma yake. Ameomba leseni kamili ya huko kwa mlango wa mbele, nayo inakwenda mwendo wake.

Hapo nikakumbuka, na samaki akanishinda. Unakumbuka picha niliyokutumia tuliporudi fungate? Mimi na yeye nje ya ofisi ya leseni za magari, yeye ameshika kadi mpya ya Illinois, mimi nambusu shavuni? Nilikuandikia kwamba ile ilinifurahisha kuliko pete, maana jina lake na njia ya nyumba ya Bibi vilikuwa vimelala pamoja kwenye kadi moja. Nilimvuta kwa mkono kwenda kule, dada. Nilikuwa nimevaa gauni la njano. Naye alikuwa anajua. Alisimama kwenye mstari ule akijua kila kitu, akatabasamu kwenye kamera kwa ajili yangu.

Bernadine akaongeza kwamba wenzake ofisini walimshauri asiwe mpumbavu, aache anwani yake kwa kaka yake Iowa, kule alikokuwa akilala kwenye kochi kabla ya harusi, kwani nani atakuja kuhesabu mito? Akawajibu kwamba viatu vyake viko chini ya kitanda cha mke wake, na hawezi kuapa kwamba viko kwingine. "Nimefanya kazi na wanaume wengi," Bernadine akasema, "lakini huyo wako ni wa kuwekwa kabatini na vyombo vya wageni." Emmett akarudi na sahani tatu za kabichi, akanikuta nalia juu ya samaki, akafikiri nimekwamwa na mwiba. Akanipiga mgongoni. Watu wote wakatugeukia. Nililia na kucheka mpaka padre akaleta maji.

Tulirudi nyumbani jioni ile ile wadudu wa mtoni walipotoka. Huko kwenu bondeni hamuwapati kama sisi. Wanaishi majini siku zote, halafu jioni moja ya Julai wanapanda wote kwa pamoja wenye mabawa mepesi kama ganda la kitunguu, wanapendana hewani, na kesho hawapo. Daraja lilikuwa jeupe. Taa za njiani zilikuwa zimevaa mawingu. Polisi alisimamisha magari, kwa kuwa lami ilikuwa inateleza, tukangoja yale magari ya kukwangua theluji yaje kukwangua mabawa, katikati ya kiangazi, dada, madirisha yamefunguliwa na jasho linatutoka. Wadudu wakaingia garini. Walitua begani kwa Emmett, kwenye nywele zangu, kwenye usukani. Tulikuwa katikati kabisa ya mto, Iowa nyuma yetu na Illinois mbele, na kwa dakika zile hatukuwa wa jimbo lolote.

Hapo nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alimtazama mdudu mmoja aliyekuwa anatembea kwenye kidole chake cha pete. Kisha akasema kwamba alijua Bibi aliniachia nyumba ile na maneno, na hakutaka mwezi wangu wa kwanza wa ndoa niambiwe nichague kati ya nyumba ya Bibi na miguu ya Mjomba. Alidhani leseni kamili ingefika kabla Mjomba hajaanza kukakamaa. Ilipochelewa, akaona ni afadhali yeye aitwe mtu mbaya na wazee wawili watatu kuliko mimi nipoteze usingizi. Nikamwambia huo ndio upumbavu mtamu kuliko wote niliowahi kufanyiwa, na kwamba asiurudie. Akaahidi. Nyuma yetu dereva mmoja akapiga honi, akapaza sauti kwamba kama tumemaliza kupendana kama wadudu, njia imeshafunguliwa.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, Dada Marietta, lile nililokuwa nimelifungulia mdomo simu ilipokatika. Keti kama umesimama.

Hatukai tena kwa Bibi. Barua hii naiandika nikiwa Iowa. Umeona mwenyewe pale juu, maana wewe na mimi tumekua tukiliona jua likizama mtoni kutoka ile baraza, na hakuna siku hata moja tuliyoliona likichomoza humo. Tumepanga vyumba viwili Dubuque, juu ya duka la fundi wa viatu, ukuta mmoja umepinda na bomba la jikoni linaimba. Tumehama na vitanda, sufuria, bembea ya barazani ambayo haina baraza, na viatu vya Emmett, ambavyo niliviweka chini ya kitanda kwa mikono yangu mwenyewe. Juma lililopita tukaenda wote wawili kwenye ofisi ya leseni za magari. Nilivaa lile lile gauni la njano. Picha yangu imetoka kama ya mtu aliyeiba kuku, na Emmett ameitoa nakala akaiweka pochini.

Usiku ule uliofuata daraja sikulala kwa furaha, sikulala kwa kuogopa pia, sikufichi. Nilipitisha mkono kwenye matusi ya ngazi, mahali palipolainishwa na mkono wa Bibi, nikajiuliza nitamwambia nini nikikutana naye. Lakini hebu tukumbuke pamoja alichosema. Alisema, "Rosalie, nyumba hii isikose taa jioni." Hakusema taa hiyo iwashwe na nani. Mara zote nilisikia kwamba ameniambia nisiondoke, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka kusikia. Nikamuuliza Emmett maoni yake, akasema nyumba ni yangu na hatanisukuma hata kwa kidole. Kwa hiyo nilijisukuma mwenyewe. Katika nyumba sasa anakaa mlinzi wa malango ya mto, yale yanayofunguliwa matishari yapite, na mke wake, na watoto wanne wenye kelele ambazo Bibi angezipenda na wewe ungezikemea. Nilimwomba yule mama jambo moja tu, taa ya dirisha la mbele. Kila jioni nikimaliza kuosha vyombo nasimama kwenye dirisha letu lililopinda, giza linashuka juu ya maji, matishari yanawasha macho yao, na ng'ambo kule juu ya mlima inawaka, ndogo, ya njano. Sikuwahi kuiona taa hiyo kutoka nje, dada. Miaka yote nilikuwa ndani yake. Sikujua kama ni nzuri hivi. Emmett huja nyuma yangu, anaweka kidevu chake kichwani kwangu, na tunaitazama kama watu wanaotazama meli ya wengine inayopita, hali tumo sote humo.

Kama umekasirika kwa sababu sikukuuliza wewe kwanza, kasirika, una haki. Nyumba ile ni utoto wako pia. Nilikuwa naogopa ungeniambia nisihame kwa ajili yenu, kama ulivyo, unajibebesha watu wote mgongoni kisha unasema haukuumi. Sasa nimekwisha kuhama, huna la kufanya.

Sasa ndiyo sehemu ya Mjomba. Mwite, au msogelee, umsomee kwa sauti.

Mjomba Alois mpenzi, shikamoo. Mimi si mtu wa Illinois tena. Ule mzaha wako wa kwamba watu wa Illinois hawajui kuendesha gari wala kukaanga samaki, uutafutie mwenye kuupokea. Mimi sasa ni mtu wa Iowa, na unaweza kuanza kunicheka kwa mahindi yetu yasiyo na mwisho. Mume wangu ni mtu wa Iowa tena, na jana alikaa mezani kwetu, akajaza fomu za watu wa mapatano, akalipa ada yao, na ruhusa yake ya Wisconsin ikarudi kabla chai yake haijapoa. Kijilango kimefunguka, Mjomba. Bernadine amekwisha kumrudisha kwenye zamu za bonde lenu, zamu inaanza juma la mwisho la mwezi huu, na anasema nikuambie kwamba safari hii ukijifanya umelala atakuja yeye mwenyewe akukalie.

Ile Jumapili mume wangu hakuwa anamtazama ndege. Alikuwa anakutazama wewe kwenye kioo cha dirisha. Aliona meza ikisogea, aliona mguu uliotanguliza, anajua hata ni kiganja kipi ulichoegemea. Nilimuuliza jana aniambie ndege yule alikuwa dume au jike, akashindwa. Lakini alisimama katikati ya jikoni akanionyesha jinsi ulivyohangaika kuinuka, kiungo kwa kiungo, na kila kosa, mpaka nikamwona Mjomba wangu mzima amesimama juu ya duka la viatu.

Salamu zangu kwa majirani, kwa paka na watoto wake, na kwa padre kama atapita. Dada, nikumbatilie mgongo huo unaosema hauumi. Uambie kwamba umepata msaidizi.

Tutakuja kabla mwezi huu haujaisha, mimi na yeye, siku ile ya kwanza ya zamu yake. Nitaleta mkate wa mdalasini. Wewe usifanye maandalizi yoyote, usimsaidie Mjomba, wala usiisogeze meza. Mwache akae kwenye kiti chake kile cha mbao, ajivute vibaya kama kawaida, kichwa nyuma na uso umemwiva, na amwache ndege apige kelele dirishani apendavyo. Emmett ataingia na kumpigia magoti.

Ni mimi mdogo wako, mwenye furaha kuliko inavyofaa,

Rosalie